Lizombe Ndani ya Kioo

Gari lilikuwa limeshapita geti la hospitali, linaitafuta barabara ya Songea, lakini Meinrad Gama bado alikuwa ametoa kichwa na bega moja dirishani, anapiga kelele kushindana na upepo wa Makambako.

"Wee Mhehe! Nikirudi baada ya Pasaka nikute mbwa wote wa mji huu wazima! Nimeshawahesabu!"

"Nenda zako, mkimbizi!" Skolastika Mhongole alimjibu, mikono kiunoni. "Babu yako aliwakimbia Wazulu, wewe unakimbia sindano!"

"Bora mkimbizi kuliko mla mlinzi wake!"

Askari wa getini alicheka mpaka akashika nguzo. Gari halikuwa na dereva, wala halikujua mzaha. Liliongeza mwendo tu kama lilivyoagizwa. Ludovika, mke wa Meinrad, alionekana akimvuta mumewe ndani kwa kola ya koti. Kisha likabaki vumbi.

Tabasamu likabaki usoni kwa Skolastika kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba: imeshakauka, na mwenyewe hayupo. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Yule mtu hakusikia. Maneno yalimwingia masikioni, yakatokea upande wa pili yakicheka.

Alirudi ndani. Daktari Kaijage alikuwa anamngoja mlangoni mwa maabara. Alikuwa mama wa Bukoba, mrefu, asiyepoteza neno.

"Umempasha?"

"Nimempasha."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia seli zake ni Wangoni kamili. Zimeota miguu, zinafunga mizigo, zinataka kuhama kama walivyohama babu zake. Nikamwambia alale hapa anywe dawa kabla hazijavuka mto."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Akasema nimwekee sauti asikie hao Wangoni wake. Nikamwekea. Akapigapiga meza na vidole, akasema, 'Hii lizombe hii! Seli zangu zinacheza lizombe!' Akabonyeza dole kwamba amepashwa. Akaniambia ana kinanda cha kanisa kinamsubiri, Pasaka iko karibu."

Daktari Kaijage alimtazama. "Kucheka si jibu, Skola."

"Kwetu ni jibu. Ubaya wake ni jibu la kila kitu."

Ndivyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Zamani kidogo, mashine hii waliyoiita Sikio ilipoanza, majibu yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye simu ya mgonjwa. Simu zikawa zinawaambia watu wakiwa sokoni, wakiwa harusini, wakiwa wanamnyonyesha mtoto. Zikawa zinawakumbusha, na asiyefungua alikumbushwa tena kesho yake. Kuna vijiji watu walichimba mashimo wakazizika simu zao, wakaweka na mawe juu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Kinywa: majibu ya namna hii hayatolewi na mashine. Yatatolewa na kinywa cha mtu, mtu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, kwa namna aitakayo mgonjwa, na yatatolewa mara moja tu. Kumfuata mtu na habari aliyokwisha kupashwa likawa kosa.

Huko pwani walichagua masheikh. Mjini walichagua madaktari, kisha wakawachukia. Nyanda za juu watu walichagua watani. Mtani hachukiwi. Mtani anaweza kuingia msibani akalala kaburini akadai kuku ndipo marehemu azikwe, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Kwa hiyo Wangoni waliougua walipashwa na Wahehe, na Wahehe na Wangoni, na jambo likaenda vizuri kwa miaka. Mtu alitukanwa, akacheka, akafika nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akaelewa.

Lakini Meinrad na Skolastika walikuwa wametaniana tangu ujana, tangu Meinrad alipokuja kutengeneza kinanda cha parokia ya kina Skolastika, akakuta panya wamezaa ndani ya mabomba, akamuuliza padri kama Wahehe sasa wamehamia kwenye panya. Utani wao ulikuwa umekolea mno. Hakuna neno lililobaki ambalo mmoja angemwambia mwenzake likaaminika.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za vioo. Kila kioo, kidogo kama kifungo cha shati, kilikuwa na chembe ya uvimbe wa saratani ya mtu mmoja, hai, inalishwa maji ya sukari, ikitenda yale yale ambayo uvimbe uliobaki mwilini unatenda. Juu ya kioo kulikuwa na vinyweleo vyembamba visivyoonekana kwa macho. Seli ikitulia, vinyweleo vimetulia. Seli ikitoa mguu, kinyweleo kinasukumwa, na Sikio linaugeuza msukumo huo kuwa mdundo wa sauti: tu. Tu.

Skolastika hakusoma sana. Alisoma vipande vipande, alipopata ada na alipopata mwalimu. Lakini jambo hili Daktari Kaijage alikuwa amemwonyesha kwa mikono, akalishika. Ndani ya kila seli mna nyuzi, zinaitwa aktini. Uzi mmoja ni mlegevu, haubebi kitu. Sasa iko protini nyingine inaitwa fasini. Kazi yake ni ya yule mtu anayejenga ua: anachukua fito, anazilaza pamoja, anafunga kamba hapa, anafunga kamba pale. Fito zikishafungwa zinasimama. Nyuzi za aktini zikishafungwa zinakuwa mkuki, na mkuki huo unasukuma ngozi ya seli kwenda mbele. Ndio mguu. Uvimbe usio na fasini nyingi ni jirani mbaya, lakini amekaa kwake. Fasini ikipanda, ujue jirani anatafuta njia.

Dawa ilikuwepo. Waliiita mfungua, kwa sababu ilifungua zile kamba, fito zikalegea. Lakini mfungua haikuchagua. Ililegeza na seli njema, zile zinazotembea kwenda kuziba jeraha. Mtu aliyekuwa anainywa hakutakiwa hata kunyoa ndevu. Ndiyo maana ilibidi alale hospitali, na ndiyo maana haikutolewa ila pale tu ambapo mizigo imeanza kufungwa, lakini safari haijaanza. Kabla ya hapo ni sumu ya bure. Baada ya hapo hakuna cha kufungua.

Kioo cha Meinrad kilikuwa rafu ya katikati. Skolastika alisimama mbele yake akasikiliza. Tu-tu, tu. Tu-tu, tu. Kweli ilikuwa lizombe, ngoma ya Wangoni. Tangu Meinrad aliposema hivyo, sauti hiyo haikuweza tena kuwa kitu kingine.

Alikwenda nayo nyumbani. Aliweka maharage jikoni, yakachemka kwa mwendo ule. Alikwenda misa, padri akahubiri, na chini ya sauti ya padri ikawa inapita ile nyingine, ya miguu mingi midogo kwenye sakafu. Shemeji yake alimuuliza mbona anatikisa kichwa. Alisema ni upepo. Akiwa anasuka mkeka barazani mchana kweupe, alisikia watu wanapita nyuma ya nyumba na mizigo. Akazunguka kutazama. Kulikuwa na migomba na kamba ya nguo.

Kila alipofika kazini, kioo kilikuwa kimeongeza kasi.

"Hajapiga simu?" alimuuliza daktari.

"Hajapiga."

"Mpigie wewe."

"Sheria inanihusu mimi pia. Wewe ndiye kinywa chake. Na kinywa kimeshasema."

"Kimesema, lakini hakikuaminika."

"Sheria haikusema aamini, Skola. Ilisema apashwe." Daktari Kaijage alivua miwani. "Na mimi nilikuwepo wakati wa zile simu. Baba yangu alipigiwa na simu yake mpaka akaacha kula. Alikufa siku ambazo ugonjwa wenyewe ulikuwa haujamfikia. Mtu ana haki ya kutojua."

"Huyu hajachagua kutojua. Amenichagua mimi."

Daktari alivaa tena miwani. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Skolastika angeweza kumfuata Meinrad na kumtania tena, angecheka tena. Ili aaminike ilibidi avue utani, aseme naye kama anavyosema mtu na mtu. Na mtani hafanyi hivyo kwa mtani wake. Mtani akisema kwa upole, watu hutafuta jembe la kuchimbia kaburi.

Asubuhi moja alikuta kioo kinapiga bila kupumzika, kama mvua kwenye bati. Hakuvua koti. Aligeuka akatoka.

"Ukitoka nje ya wilaya alama yako itazimika," daktari alisema nyuma yake. Waliokuwa vinywa walitiwa alama ya kijani chini ya ngozi, juu ya kifundo cha mkono. Bila hiyo hakuna mlango wa hospitali uliofunguka.

"Izimike."

Ilizimika baada ya Njombe. Aliitazama ikififia ndani ya gari, kama kaa la moto lililomwagiwa majivu, mpaka ikabaki ngozi tu.

Alimkuta Meinrad kanisani Mkurumbasi, mwendo kidogo kutoka Songea. Kinanda kilikuwa kimefunguliwa ubavu, mabomba yamelazwa kwenye mabenchi kwa ukubwa wake, na kutoka ndani ya kasha zilionekana soli mbili za viatu. Ludovika alikuwa ameketi kwenye ngazi ya altare, ana chupa ya uji na kikombe. Mumewe alikuwa ameshaacha ugali. Ulikuwa hauteremki tena kooni.

Hatua za Skolastika zililia kwenye sakafu. Soli zikacheza.

"Nani huyo? Nanusa Mhehe. Ludovika, funga mbwa wa padri!"

Skolastika alisimama. Tusi lilikuwa tayari ulimini, tamu, la zamani. Akalimeza.

"Kaka Meinrad," alisema. "Toka nje, nina neno na wewe."

Soli zilitulia.

Ludovika alimtazama Skolastika usoni, akamtazama mara ya pili. Kikombe kikamtoka. Kabla mtu hajasema lolote, mama yule alikuwa amejifunga khanga kiunoni na ameachia yowe lililogonga dari ya kanisa likarudi. "Mume wangu! Uuwi! Mume wangu jamani!"

"Mumeo si huyu hapa!" Meinrad aliita kutoka kwenye kasha, anahangaika kujitoa. "Ludovika! Mimi si nipo!"

Lakini wanakwaya waliokuwa wanapalilia nje walishaingia, na walichokiona ni mtani wa Kihehe amesimama mnyenyekevu, mikono imekunjwa mbele, hatanii, na mke analia, na miguu ya Meinrad inatokeza kwenye sanduku la mbao. Wakapokea kilio. Habari ikavuka shamba la kahawa kabla Meinrad hajapata koti lake. Alipofika kwake kwa miguu yake mwenyewe, alikuta moto umeshawashwa nje, mikeka imetandikwa, na vijana wawili wanauliza jembe liko wapi.

Watu walicheka walipomwona. Kicheko hakikuwa na mahali pa kukaa.

Shangazi yake, Bibi Fotunata, mwanamke mfupi aliyewazika ndugu zake wote wa tumbo moja, ndiye aliyesema. "Mtu ameliliwa. Haondoki hapa. Akiondoka hivi anaondoka maiti."

"Bibi, gari liko nje," Skolastika alisema. "Akifika leo atapata dawa. Kesho sijui."

"Wewe umeleta kilio, wewe utakiondoa. Unajua namna."

Alijua. Mtu aliyeliliwa kimakosa huzikwa kwa mzaha na mtani wake, ukoo wote ukiwa umekusanyika, ndipo anahesabika hai. Akikosekana hata mmoja, kwa huyo mmoja atakuwa amekufa.

"Ndugu wengine wako Namtumbo!"

"Basi watakuja."

Skolastika alimgeukia Meinrad. "Uliamini?"

"Niliamini uliponiita kaka." Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa msiba wake, anajifuta vumbi la kinanda mikononi. "Kule Makambako nilisema, Skola leo kanipatia, kanitungia utani wa Wangoni kuhama. Njia nzima nilikuwa namsimulia Ludovika. Nimewasimulia na watu hapa. Wote wamecheka."

"Twende basi. Sasa hivi."

Alitazama uwanja: shangazi, Ludovika ambaye bado amejifunga khanga kiunoni, vijana waliokuwa wanakwepa kivuli chake kana kwamba kitawagusa. "Nikienda, huyu mke wangu atakaa na mzimu. Hata nikirudi mzima. Wewe unawajua watu wetu. Ngoja wa Namtumbo waje."

Wakangoja. Barabara ya Namtumbo ilikuwa imekatika kwa mvua, wakangoja zaidi. Skolastika alilala kwa jirani, na ile sauti ilikuwa imemfuata. Sasa hakuhitaji kioo. Alipokuwa anamsaidia Ludovika kupepeta mchele aliisikia kwenye ungo. Aliinua macho akaona Ludovika naye ameshika ungo wake, anasikiliza.

"Ni nini hicho, wifi?"

"Ni mchele," Skolastika alisema.

Ndugu walipofika kazi ilianza, jua likiwa utosini. Skolastika alivaa koti la Meinrad, akapaka majivu usoni, akatembea kwa mwendo wa Meinrad, kile kibega kimoja juu. Alilala kwenye mkeka akakataa kunyanyuliwa mpaka aletewe jogoo, tena jogoo anayejua Kilatini. Aliuliza nani atamrithi Ludovika, akajitolea mwenyewe. Aliwaambia Wangoni kwamba hata Mungu amewakataa, amesema warudishwe kwa Wazulu. Bibi Fotunata alicheka mpaka akakaa chini. Ludovika akacheka. Meinrad alikuwa anagalagala, machozi yanamtoka, anampigia Skolastika makofi kama mtoto.

Simu ya Skolastika ililia mfukoni mwa koti lile. Mpwa wa Meinrad, mwanamke mmoja wa Namtumbo, aliichomoa akaiweka hewani wote wasikie, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku ile, hakuna kilichokuwa cha mtu.

"Skola," sauti ya Daktari Kaijage ilisema. "Kioo cha Gama kimenyamaza."

Vigelegele vikapaa. Wakapiga ngoma ya ndoo, wakamnyanyua Meinrad. Kimenyamaza! Miguu imekatika! Utani umefanya kazi kuliko dawa!

Skolastika alibaki kwenye mkeka. Alijua kimya kile cha kioo. Seli inayosafiri hufunga fito zake; ikishapata mahali pazuri huzifungua. Fasini hushuka. Haitembei tena, kwa sababu imefika. Inaanza kujenga.

Meinrad aliwaambia wamteremshe. Alikuja akachuchumaa mbele yake. Majivu yalikuwa yamemchora Skolastika mistari mashavuni.

"Mhehe, mbona umekosa neno?"

Skolastika alijifuta majivu kwa mkono wa koti.

Meinrad alimtazama. Nyuma yake watu walikuwa wanacheza.

"Zimefika," alisema.

Skolastika aliitikia kwa kichwa.

"Wapi?"

"Sijui. Kwenye ini, mara nyingi. Au mapafu."

"Na ile dawa?"

"Haina cha kufungua tena."

Meinrad aliokota jani lililokuwa limegandamana kwenye koti lake, kwenye bega la Skolastika, akalitupa. "Ulikuja kwa wakati?"

"Nilichelewa kuanza safari. Niliogopa sheria. Na niliogopa kukuita kaka."

"Na mimi nikakungojesha hapa." Alifikiri. "Usiwaambie leo. Waache wamalize ngoma yao. Kesho nitawaambia mimi, kwa kinywa changu."

Aliwaambia kesho yake. Bibi Fotunata hakukubali kwamba kungoja kuliharibu kitu, na hajakubali mpaka leo. Anasema kosa ni la ile mashine iliyomjua mtu kabla mwenyewe hajajijua. Meinrad alimaliza kinanda na akakipiga Pasaka. Alikufa kahawa ikiwa bado mbichi. Waliukuta uvimbe kwenye ini na kwenye mapafu. Skolastika alishtakiwa kwa kumfuata mtu aliyekwisha kupashwa, akafungiwa kazi ya kinywa maisha yake yote. Kifungo cha jela alisamehewa. Alikwenda mazikoni akakaa na wanawake. Mtani aliyedai kuku alikuwa Mhehe mwingine, wa kiwanda cha mbao, ambaye hakumjua marehemu. Daktari Kaijage aliizima chembe ya kioo kama sheria inavyotaka, akaandika pendekezo kwamba mtu akipashwa ayarudie maneno kwa kinywa chake mwenyewe bila kucheka. Lilikubaliwa wilaya tatu. Wilaya nyingine watu walilikataa, na bado wanachagua watani. Ludovika alihamia Mbeya kwa binti yake. Skolastika yuko Mafinga, anaotesha miche ya misonobari.